Jina la Baba Mkwe

Koleo lilipita karibu na sikio la muuguzi Lusi, likagonga ukuta, likaanguka sakafuni. Dokta Gavera hakugeuka kutazama lilikoangukia. "Nimeomba lililopinda!" alifoka. "Lililopinda! Mmelala nyie?" Kijana aliyekuwa mezani na mshale nyongani hakusikia kitu, alikuwa amelazwa kwa dawa. Walisikia wengine wote, na wote wakainamisha vichwa isipokuwa Jasinta.

Jasinta ndiye mkuu wa wauguzi wa chumba kile cha upasuaji. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, na waliomzoea walijua kwamba sauti hiyo ikizidi kushuka kuna mtu atajuta. Alichukua koleo lililopinda akamkabidhi daktari mkononi, akangoja mpaka mshale ukatoka na damu ikazibwa. Ndipo akasema, "Dokta, ukimaliza kushona utamwomba Lusi radhi. Mbele yetu, kama ulivyomrushia mbele yetu."

"La sivyo?"

"La sivyo kesho meza hii haina muuguzi. Utajipa makoleo mwenyewe."

Dokta Gavera alikuwa mtu wa pwani, aliyeletwa huku milimani kwa muda mfupi kisha wakubwa wakamsahau. Alikuwa na mikono mizuri na ulimi mbaya. Alimaliza kushona, akavua glavu, akasema, "Lusi, samahani," kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Jasinta aliridhika. Hakuwa akiutaka moyo wake, alitaka mdomo wake tu.

Vita vya watu wa Yapeni na watu wa Sakalo vilikuwa vimeanza upya, safari hii juu ya shamba la kahawa lililo kando ya mto. Machela zilikuwa zinaingia mfululizo, watu wamekatwakatwa kwa mapanga, wengine na risasi miilini, na katika haraka ile sindano zilichanganywa na vitambaa vilisahaulika matumboni mwa watu. Jasinta aliona mwisho wake ni mauaji. Akaweka sheria. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila mtu asimame. Aliyempokea mgonjwa mlangoni ataje jina lake kamili na kile anachokwenda kufanyiwa. Wengine watazame walicho nacho mkononi, na mwenye shaka aseme, awe daktari, awe mfagiaji.

Dokta aliibatiza sheria hiyo "sala ya Jasinta." Kila mara alisimama na mikono yake iliyooshwa, akageuza macho juu, akasema, "Haya, salini upesi, watu wanakufa." Lakini alisimama.

Kilichoitoboa sheria hiyo hakikuwa Dokta. Katika milima ile mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe, wala la ndugu zake baba huyo. Akilitamka amemvua nguo mzee wa watu hadharani, na aibu hiyo haifutiki ila kwa kulipa nguruwe. Na hospitali ilikuwa katikati ya ardhi ya Yapeni, na nusu ya wauguzi walikuwa wake za watu wa Yapeni. Basi machela ikiletwa na mzee wa ukoo, muuguzi husema tu, "Ni baba yetu," na wote huitikia kwa kichwa, na kisu hushuka. Jasinta aliliona pengo hilo tangu mwanzo akalinyamazia, kwa kuwa na yeye alikuwa mke wa Yapeni. Hilo ni kosa lake, na hakuna wa kumsaidia kulibeba.

*

Asubuhi ya mapigano ya darajani waliletwa wazee wawili wa Yapeni kwa mpigo. Wote walikuwa na ndevu zilizoshikana kwa matope, na wote walikuwa wamekatwa mkono wa kushoto, mkono wa kushikia ngao. Mmoja alikuwa baba mzazi wa Kepai, mume wa Jasinta. Mwingine alikuwa mtoto wa baba mdogo wa mzee huyo, na kwa desturi ya huko naye ni baba mkwe vilevile.

Dokta Gavera aliwapima wodini wakati Jasinta yuko chumbani akichemsha vyombo. Mkono wa mmoja ulikuwa umekufa, vidole vimekuwa vyeusi, hauna mapigo. Huo ulikuwa wa kukatwa ili mtu apone. Mkono wa mwingine ulikuwa umekatika kano lakini damu inapita. Huo ulikuwa wa kushonwa. Aliandika majina na kazi katika karatasi, akaondoka mbio, wazee wakachomwa sindano wakalala. Muuguzi wa wodi, ambaye naye ni mke wa Yapeni, alimwita mbeba machela, Ipai. "Mpeleke baba mkwe kwanza," akamwambia. "Yule wa kukatwa."

"Baba mkwe yupi?"

"Ni huyohuyo baba mkwe, Ipai! Una macho ya nini?"

Ipai alikuwa mpwa wa baba yake Kepai. Akadhani ndiye anayesemwa, akamchukua mjomba wake.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume wenye mapanga. Bandeji ya mzee ilikuwa ikichuruzika damu, na Kepai, kwa uchungu wa baba yake, akachukua mpira wa ndani wa baiskeli yake akaufunga juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote, kisha akavuta bandeji ikaufunika. Kaka yake alisukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa ncha ya panga. "Dokta!" aliita. "Baba akifa humo, na wewe hutoki! Utaungana naye humohumo!"

"Funga mlango," Dokta Gavera alisema. Jasho lilikuwa likimtoka.

Lusi ndiye aliyempokea mzee. Walimweka mezani, Tanis akamwongezea usingizi. Tanis alikuwa mtaalamu wa dawa ya usingizi, mtu wa visiwani, mweusi tii, asiyekuwa na mke wala mkwe katika milima yote ile. Wakamfunika mzee uso na mwili kwa mashuka, ukabaki mkono tu. Dokta alivishika vidole. Vilikuwa vya baridi, vya buluu iliyokaribia weusi.

"Ndio huu," alisema. "Umekufa kabisa. Haya, sala."

Lusi akajibu, "Ni baba yetu. Mkono wa kushoto, kukatwa."

"Amina. Kisu."

Kisu kilikuwa mkononi mwa Jasinta. Alikuwa amemwona mzee machela ilipopita, kabla ya shuka. Alijua kwamba wazee waliletwa wawili, na kwamba wote wawili, kwa mdomo wa Lusi na kwa mdomo wake yeye, wanaitwa "baba yetu." Tanis angeweza kusoma jina lolote katika karatasi yake, lakini uso wa mzee huyu hakuujua, wala Dokta hakuujua. Waliomjua walikuwa wanawake wawili, na wote wawili midomo yao ilikuwa imefungwa. Nyuma ya kioo cha mlango alikuwa Ipai, amebandika sikio.

"Kisu, Jasinta!"

Akaogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki. Alimwona Kepai, akamwona mama mkwe wake, akaiona miaka yake yote ya kuwa mke mwema katika ukoo ule. Na aliuona mkono ule mezani, mkono uliompa kipande cha kwanza cha nyama siku alipoolewa.

"Lusi hakutaja jina," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Sista, hatuwezi..." Lusi alinong'ona.

"Mgonjwa huyu anaitwa Pyaso Kandato." Lusi alijishika mdomo juu ya barakoa. "Pyaso Kandato. Mkono wa kushoto, kukatwa. Mwenye shaka aseme."

Tanis alitazama karatasi yake, akaitazama tena. "Mimi nina shaka," alisema. "Hapa wa kukatwa ni Lakane Yalo. Huyu Pyaso ni wa kushonwa."

"Huu mkono umekufa!" Dokta alipiga kelele. "Nimeushika mwenyewe! Mnataka nife hapa kwa ajili ya karatasi?"

"Toeni bandeji yote," Jasinta alisema. "Mpaka begani."

Lusi akakata bandeji, na mpira wa baiskeli ukaonekana, umezama katika nyama. Jasinta aliupitisha mkasi. Walisimama wakitazama vidole vya mzee, na kwa muda havikubadilika, na Jasinta alijiambia kwamba amejiangamiza bure. Kisha chini ya kucha ya kidole gumba kukaja wekundu kidogo. Ukasambaa. Kidonda kikaanza kuvuja damu safi.

Dokta Gavera alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu. "Ningeukata," alisema. Akainuka, akanyoosha mkono kwa Jasinta. "Nipe uzi mwembamba. Ule mwembamba kabisa, tafadhali."

Jasinta alipogeuka kuchukua uzi, kioo cha mlango kilikuwa kitupu. Ipai alikuwa ameshakwenda.

*

Nyumba ya Jasinta ilikuwa ndani ya uzio wa hospitali, na tangu vita vianze ilikuwa imejaa wakimbizi wa ukweni, watu na nguruwe wao. Alipotoka kazini, baada ya kumaliza na Lakane ambaye mkono wake ulikatwa kweli na roho yake ikabaki, alikuta sare zake zimetupwa zizini, nguruwe wanazikanyaga. Viazi vitamu vilikuwa vimeshaivishwa na kuliwa. Hakuna aliyembakizia.

"Karibuni mumwone," mama mkwe alisema mlangoni, akitafuna popoo, midomo myekundu. "Mwanamke anayewaita wanaume majina kama anaita mbwa."

"Mama, angekatwa mkono."

"Mkono!" Mama mkwe alitema. "Mkono una mtu wa kuusema? Jina ndilo linalosemwa! Sasa watu wa Sakalo wanacheka huko ng'ambo, wanasema wake zetu wametuvua suruali."

Kepai alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa mpima kahawa kwa mnunuzi mmoja pale mjini, mtu mpole siku za amani. Alimshika mkewe shingoni mwa blauzi akamgongesha ukutani, kisogo kikalia. "Ulishindwa kukohoa?" alisema. "Ulishindwa kumtuma mtu mwingine aseme? Dunia nzima, ni wewe tu mwenye mdomo?"

"Aliyemjua nani mwingine mle ndani, Kepai? Niambie. Nani?"

"Mimi nilikuwa mlangoni!"

"Ulikuwa mlangoni na panga. Nani angekufungulia?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na yalimuudhi, maana hayakuwa ya huzuni. "Na mpira ule ni wewe uliyeufunga. Ilibaki kidogo uuue mkono wa baba yako, mimi nikaufungua. Hilo hulisemi."

Kepai alimpiga kofi. Kisha akausukuma mlango ukamfungia nje, na ndani mtu alicheka. Jasinta aliingia zizini akaokota sare zake moja moja kutoka kwenye tope la nguruwe, watoto wa shemeji zake wakimtazama, akaenda kuzifua kwenye bomba la wodi.

Ukoo ukadai nguruwe, na wa kutoa ni kaka zake Jasinta. Aliwapigia simu. "Tulikufundisha mdomo huo sisi?" kaka mkubwa aliuliza, akakata.

*

Siku zilizofuata aliishi kwa Lusi, shavu moja limevimba. Aliwakusanya wauguzi wake wote katika chumba cha kuchemshia vyombo.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna 'baba yetu' tena. Jina litajwe."

Walitazamana. Mmoja, mama mtu mzima, akasema, "Sista, sisi tunakupenda. Lakini nguruwe atatutolea nani? Wewe mwenyewe wamekufungia nje. Mimi nina watoto mle."

"Najua."

"Basi usituombe."

 Jasinta aliwatazama wakitoka, na aliwaonea uchungu kwa kuwa walisema kweli. Dokta Gavera, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia, "Mimi nitangoja. Wasipotaja, sikati. Hata nikitishwa."

"Na mtu akifa wakati unangoja?"

Dokta alikuna kichwa. "Hapo sijui, Jasinta," alisema.

*

Baraza la ukoo lilikaa uwanjani mwa hospitali, asubuhi, mbele ya ukumbi wa wagonjwa wa nje. Mzee aliletwa akitembea mwenyewe, mkono wa kushoto umefungwa plasta mpaka kwenye vifundo, vidole vimetoka nje, mkono wa kulia umeshika fimbo. Wanaume wa Yapeni walijipanga nyuma yake na mapanga yao. Wauguzi walisimama madirishani. Jasinta aliitwa katikati, peke yake. Kaka zake hawakuja.

"Mke wa mwanangu," mzee alisema, sauti inatetemeka kwa hasira. "Nilitoa nguruwe kukuoa. Nguruwe wazuri, watu waliwashangaa. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, baba."

"Nimelala, sijui lolote, uchi mbele ya wageni, na wewe unanitangaza. Mpwa wangu kasikia. Afadhali wangeukata mkono, wakate na mguu. Nguruwe wako wapi?"

"Sina nguruwe."

"Basi piga magoti, useme mbele ya watu kwamba ulikosa na hutarudia."

Uwanja mzima ulimngoja. Ingekuwa rahisi, magoti yake mwenyewe yalitaka. Lakini aliwaona wauguzi wake dirishani, akajua kwamba akipiga magoti hapa, kule ndani hakuna jina litakalotajwa tena, na siku moja atakatwa mtu asiye wa kukatwa, naye atakuwa amekipitisha kisu kwa mkono wake.

"Baba," alisema, "nikikukuta tena mezani, nitarudia."

Mzee aliinua fimbo. Kepai, sijui kwa aibu au kwa huruma iliyochelewa, aliurukia mkono wa kulia wa baba yake akaushika. "Baba, basi!" Mzee akampiga Jasinta kwa mkono uliobaki. Plasta ilimpata juu ya taya, akaanguka chali, mdomo ukajaa damu. Wanawake dirishani walipiga yowe. Na mzee naye akapiga ukelele, akajikunja, akaushika mkono wake. Chini ya plasta damu ilikuwa inatoka, kwanza matone, kisha ikatiririka mpaka kwenye nyasi.

Jasinta aliinuka akitema jino. Alimfikia mzee kabla ya wanawe, akambana juu ya kiwiko kwa vidole vyake viwili, pale mshipa unapopita, na damu ikapungua. "Machela!" aliita. "Lusi! Mwite Dokta. Upesi!"

*

Safari hii mzee hakulazwa kwa dawa. Tanis alikitia kidonda ganzi tu, kwa kuwa mzee alikuwa amekula, na hakukuwa na wakati. Plasta ilikatwa. Mshono mmoja wa mshipa ulikuwa umeachia. Jasinta hakuacha kubana kwa muda wote huo, shavu limevimba mpaka jicho limefumba, damu yake ikilowesha barakoa kwa ndani. Kepai alikuwa amesimama kwenye kioo cha mlango, bila panga.

Dokta Gavera aliinua mikono yake iliyooshwa akangoja. Hakugeuza macho juu wala hakusema habari za sala.

Lusi alikuwa amempokea mgonjwa. Alifungua mdomo, akamtazama mzee, ambaye macho yake yalikuwa wazi, akaufunga.

"Mnangoja nini?" mzee aliuliza. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Dokta, nashonwa au sishonwi?"

"Nangoja jina," Dokta alisema.

"Jina gani? Ni mimi! Huyu si ananijua? Yule si ananijua?"

"Wanakujua, baba," Jasinta alisema. Aliongea kwa shida, taya halifunguki vizuri. "Ndiyo sababu. Siku ile pia tulikujua, Lusi na mimi. Tulikujua tukanyamaza, na kisu kilikuwa mkononi mwangu, na mkono huu ulikuwa unakwenda ndooni. Mkono ulionipiga nao sasa hivi."

Mzee alitazama mkono wake uliolala wazi, na vidole viwili vya mkwewe vilivyoubana. Alijaribu kuvikunja vidole vyake, vikakunjika. Alikaa akivitazama. Huenda alikuwa hajaambiwa yote; huenda Ipai alikimbia na jina akayaacha mengine yote mlangoni.

"Si kweli," alisema polepole.

"Muulize mwanao kuhusu mpira wa baiskeli," alisema Tanis. Nyuma ya kioo Kepai aliinamisha kichwa.

Vidole vya Jasinta vilianza kufa ganzi kwa kubana, lakini hakuvilegeza. Angeweza kuvumilia hivyo kwa muda mrefu. Hakuwa akimlipizia mzee. Alikuwa amechoka tu kuwa mtu pekee wa kulitaja jina.

Mzee aliwatazama wanawake wawili waliosimama juu yake, wake za ukoo wake, akayahamishia macho darini.

"Sema," alisema.

Jasinta alifungua mdomo, lakini mzee alitikisa kichwa. "Si wewe. Wewe umeshalipa." Akamgeukia Lusi. "Wewe, mke wa Yapeni. Sema jina langu. Na mtu akikudai nguruwe, mlete kwangu."

Lusi alimsogelea mzee. "Pyaso Kandato," alisema kwa sauti isiyosikika, akavuta pumzi, akalirudia kwa nguvu, likasikika mpaka ukumbini. "Pyaso Kandato! Mkono wa kushoto, kushonwa. Mwenye shaka aseme."

"Sina," alisema Tanis.

"Sina," alisema Dokta.

"Sina," alisema mzee.

Jasinta alikuwa akilia. Hakuweza kujifuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.